Mwongozaji Aliyemfanya Mama Yangu Mchawi

Kwa miaka mingi kulikuwa na mtu mmoja niliyemchukia kwa moyo wangu wote, na miaka yote hiyo sikuwa nimezungumza naye hata neno. Alikuwa mwongozaji wa filamu za kutisha. Nilipokuwa darasa la nne alimwigizisha mama yangu kama mchawi, na kabla sijamaliza la tano tulikuwa tumeshahama Tandale. Baadaye niliingia chuo kusomea filamu, na kazi yangu ya kwanza ya maana niliifanya kwa ujanja niliojifunza kwake. Hilo sikulipenda wakati ule na silipendi hata leo.

Tandale tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita, karibu na soko. Mama alikuwa anakaanga vitumbua barazani na kuuza chai ya rangi, na wateja wake wengi walikuwa wabeba mizigo wa sokoni. Hakuwa mtu wa maneno. Ana uso mrefu na macho makubwa yaliyozama kidogo, na akikutazama unaanza kujiuliza umekosea nini. Mie nilizoea. Majirani nao walizoea, kwa sababu vitumbua vyake vilikuwa vizuri na hakuwa mgomvi.

Asubuhi moja yule mwongozaji alipita na watu wake wawili wakitafuta uchochoro wa kupigia picha. Akaagiza chai, akakaa kwenye benchi, akamtazama mama mpaka chai ikapoa. Halafu akamwuliza kama anaweza kuigiza, siku moja tu. Mama alicheka akaziba mdomo kwa kanga. Kesho yake akamkubalia. Aliniambia mie kabla ya mtu mwingine yeyote. "Nitatokea kwenye sinema," alisema, na sauti aliyoisema nayo sijaisikia tena kwake. Usiku alisuka nywele, na kulipokucha wakamfunika zote kwa kaniki nyeusi.

Kazi waliyompa ilikuwa ndogo. Akae nyuma ya karai lake kama kawaida, kisha ageuze kichwa, atazame. Walirudia mara tatu wakamaliza kabla ya adhuhuri. Mie nilikuwa shuleni, kwa hiyo sikuona. Jioni nilimwuliza walimwambia afanye nini, akasema, "Nimetazama tu."

Filamu ilitoka miezi kadhaa baadaye. Aliyekuwa na deki ya video mtaani kwetu ni jirani wa mlango wa pili, shoga yake mama, mwanamke waliyekuwa wakiazimana chumvi na mkaa bila kuhesabiana. Tulijazana kwake, watoto tumekaa mkekani mbele. Kwenye filamu, watoto wa mtaa mmoja wanapotea mmoja mmoja, na muuza vitumbua wa mtaa huo haongei neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Anageuka tu na kutazama. Uso wa mama ulipojaa kwenye kioo, chumba kizima kilipiga kelele. Kisha wote wakageuka kunitazama mie. Nilifurahi. Nilidhani hiyo ndiyo sifa.

Furaha ile ilidumu kama wiki moja. Walioanza ni watoto. Wakitumwa vitumbua wanasimama mbali, wanarusha hela kwenye meza, wanangojea wawekewe mwisho wa benchi. Wabeba mizigo wakaleta utani, wakawa wanamwuliza leo ameweka nyama ya nani. Mama alikuwa akitabasamu. Baadaye utani ukapungua na wateja nao wakapungua, na nilikuwa narudi shule nakuta beseni bado limejaa.

Kisha mtoto wa yule jirani, ambaye alikuwa anaanza kutembea, akashikwa na degedege. Walimkimbiza hospitali akalazwa. Siku hizo hizo mtu alitia mchanga kwenye unga wa vitumbua ambao mama alikuwa ameukoroga na kuuacha uumuke. Hatukujua ni nani. Mtoto aliporudishwa nyumbani bado alikuwa dhaifu, na mama alipokwenda kumjulia hali, yule shoga yake alitoka mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wapangaji wote, "Kwenye ile sinema hakuigiza. Walikuja kumpiga picha alivyo."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Alirudi ndani, akakunja mkeka, akaanza kupanga vyombo, kana kwamba aliyasubiri maneno hayo kwa muda mrefu. Baada ya hapo tulikuta chumvi imemwagwa kizingitini, na mara mbili mtu alituchomea pilipili chini ya dirisha mpaka tukatoka nje tukikohoa. Mwenye nyumba alikuja na maneno laini, akasema yeye hana tatizo na sie ila anataka amani. Tukahamia Gongo la Mboto kwa mama yangu mdogo. Mama hakukaanga tena kitu cha kuuza. Alifua nguo za watu, baadaye akauza mkaa, na kama kuna aliyemuuliza kwa nini hafanyi biashara ya chakula, alijibu kwamba moshi wa mafuta unamuumiza kifua, wakati vumbi la mkaa ndilo lililomkohoza.

Mama hakumlaumu yule mwongozaji hata siku moja. Mie nilimlaumu kwa niaba yake, na nilipokuwa mkubwa nilimlaumu zaidi.

Nilipomwambia nimechaguliwa kwenda kusoma filamu kwenye chuo kimoja kule Kinondoni, alikuwa anapanga mkaa kwenye makopo. Alisema, "Kamera imeshatuhamisha mara moja." Nikamwambia nitatengeneza filamu za kweli, za kusema haki za watu. Aliendelea kupanga makopo.

Muhula wa pili mwalimu wetu, mama mmoja mkavu wa lafudhi ya Mbeya ambaye wote tulimwita madam, alitupa kazi. Darasa zima tungechambua filamu za mwongozaji mmoja, kila mtu onyesho lake, halafu kila mtu angetengeneza filamu ya dakika kumi kwa kutumia mbinu moja aliyoiona humo. Mwongozaji aliyemchagua ni yule yule. Alisema huyo mtu hana taa za maana, hana kamera ya maana, hana hata damu ya bandia inayofanana na damu, na bado anamtisha mtu mchana kweupe. Wanafunzi wasio na kitu wajifunze kwa asiye na kitu.

Nilinyoosha mkono. Nikasema huyo mtu ni mharibifu wa maisha ya watu na hafai kufundishwa. Madam akauliza nina ushahidi gani. Nikasimulia yote, na kijana mmoja nyuma akaguna kwa kicheko, akajifanya anakohoa. Nilidhani madam atanionea huruma. Aliandika jina la filamu ubaoni akalipigia mstari. Akasema, "Basi onyesho la muuza vitumbua ni lako. Ukishindwa kunieleza kwa nini linatisha, umefeli."

Nilimchukia na yeye pia. Wiki nzima sikuifungua ile filamu. Mwishoni niliifungua kwa sababu sikuwa na ada ya kurudia somo.

Nilikaa maktaba, nikavaa hedifoni, nikacheza lile onyesho, nikasimamisha, nikarudisha. Mara ya kwanza nilichoona ni mama tu, kijana kuliko nilivyomkumbuka, na nilitaka kuizima. Nikaicheza tena. Kama mara ya sita nikagundua kamera imewekwa chini sana, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Yaani anayemtazama mama ni mtoto. Kama mara ya kumi nikasikia kitu ambacho utotoni sikukisikia kwa sababu ya kelele za chumba. Mtaa wote unapiga kelele, redio, baiskeli, watu wanaitana, na mama anapoanza kugeuza kichwa sauti zote zinaondolewa. Inabaki moja, ya mafuta yanayochemka kwenye karai. Ile ilikuwa sauti ya asubuhi zangu zote za utotoni. Nilikuwa naamka nayo. Yeye aliichukua, akaiacha peke yake, na mgongo wangu ukasisimka, mie mwenye mama mwenyewe.

Kulikuwa na kitu kimoja sikukielewa. Mama hatazami kamera. Anatazama juu yake kidogo, macho yanahama kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha yanasimama. Sikujua anatazama nini. Niliandika kurasa nne za uchambuzi na hilo likabaki tundu katikati yake. Madam alilizungushia kalamu nyekundu, akanipa namba ya simu ya yule mtu, akaniambia nikaulize.

Alikuwa anaishi Goba. Nilipanda mlima kwa miguu kutoka barabara kubwa, njia ya udongo mwekundu yenye makorongo ya mvua, kulia na kushoto nyumba ambazo hazijaisha. Ya kwake nayo haikuwa na lipu. Nilimkuta barazani, mzee tayari, ndevu nyeupe zisizonyolewa, amevaa malapa, anakunja waya mrefu wa taa kuuzungusha kwenye kiwiko. Nilisema hodi. Sikumwamkia.

Aliendelea na waya wake. "Siku hizi hamuamkii?"

Nilimwambia sikuja kumwamkia. Nikamtajia ile filamu, ule uchochoro na yule muuza vitumbua, nikasema ni mama yangu. Aliinua macho akanikagua uso bila haraka, namna mtu anavyokagua nyanya sokoni. "Macho unayo," alisema. "Ila wewe hujui kuyatumia kama yeye."

Nilimmwagia yote. Mchanga, chumvi, pilipili, mwenye nyumba na amani yake, miaka ya mama ya kufua nguo za watu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka, na yalitoka mengine mabaya kuliko nilivyoyapanga. Hakunikaribisha kiti. Alisikiliza akikunja waya, na nilipomaliza aliufunga fundo, akauweka chini.

"Kwa hiyo mie niliwafukuza Tandale?"

Nikasema ndiyo.

"Mie niliondoka pale siku ile ile, saa sita mchana. Waliowafukuza ni watu waliokuwa wanakula vitumbua vyenu."

Hilo lilizidi kunikasirisha. Nikamwuliza lile swali la chuo, kwa ukali, kama vile nalo ni tusi. Alimwambia mama atazame nini?

Akasema hakumwambia habari za uchawi, kwa sababu aliona kabisa ni mwanamke wa swala tano na angemkatalia. "Nilimwambia, watoto wametoka shule, wanapita kundi zima hapo mbele yako, na wa kwako humuoni. Mtafute."

Uso ule uliowatia watu hofu, uliotuhamisha, ulikuwa wa mama ananitafuta mie. Na yeye alikuwa anazungumza tu, sasa kwa hamu, kama fundi anayeonyesha kazi yake. Alisema uso wenyewe haukufanya kitu. Wakati wa kuhariri alitanguliza kiatu cha mtoto kilichobaki njiani, kimoja, kimelala ubavu. Kiatu, halafu uso. Mtazamaji mwenyewe ndiye aliyemfanya mchawi, yeye mwongozaji alikaa pembeni.

"Ulimwambia mama kwamba utaweka kiatu?"

"Hakuuliza."

Nilimwambia yeye ni mwizi. Aliinua begi la taa, akasema ameshatukanwa na watu wengi na wengi wao walijua kutukana kuliko mie. "Ukitaka kunitukana, nitukane kwa filamu," alisema, akaingia ndani akafunga mlango.

Nilishuka ule mlima kwa hasira, na kabla sijafika barabarani filamu yangu ilikuwa imeshakaa kichwani. Ningeweka kamera alipokuwa anakaa mama. Usawa wa macho ya mtu aliyekaa nyuma ya karai. Mama asionekane hata mara moja. Waonekane majirani, wanafagia, wanapita, hawaitikii salamu, wanamvuta mtoto mkono, wanafunga mlango. Kila anapogeuka mmoja, niondoe sauti za mtaa, ibaki ya mafuta. Silaha yake yote ningeichukua niielekeze upande wa pili. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa nguvu kama aliyonipa mtu yule kwa kunifungia mlango, na nilikuwa nasaga meno wakati huo huo nikiandika shoti, picha kwa picha, kwenye daftari.

Tulipiga picha Tandale, kwenye uchochoro ule ule, mie na wenzangu wawili wa kikundi. Yule jirani bado alikuwepo. Alikuwa amenenepa, anachechemea, amepungukiwa meno mawili, na mtoto wake wa degedege alikuwa sasa kijana mrefu mwenye kibanda chake cha simu sokoni. Hakunitambua. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akatuletea maji. Nilimwambia tu sie ni wanafunzi, tunatengeneza kitu kuhusu maisha ya mtaani, na tungependa asimame mlangoni kwake. Akauliza afanye nini. Nilikuwa nimeshajiandaa.

"Mwanao amechelewa kurudi," nilimwambia. "Watu wanapita, yeye humuoni. Mtafute kwa macho."

Alifanya vizuri sana. Hata mwenzangu aliyeshika kamera alisahau kusema tumemaliza.

Siku ya kuhariri nilipiga picha ya mkono, mkono wa mwenzangu mmoja umevaa bangili kama za yule mama, unatia gao la mchanga kwenye unga uliokorogwa. Nikaiweka kabla ya uso wake. Mkono, halafu uso. Nilijua ninachokifanya. Sitaki mtu anitetee kwamba nilikuwa mdogo au nilikuwa na uchungu. Nilikuwa na raha. Niliicheza tena na tena kwa raha.

Filamu ilionyeshwa ukumbini chuoni mbele ya wanafunzi na wageni wachache. Uso wa yule mama ulipotokea, mtu wa mstari wa tatu alisema, huyo mama shetani. Niliyapokea maneno hayo kama maji ya baridi. Madam alinipa alama ya juu kuliko zote za mwaka wetu. Yule mwongozaji naye alikuwa amealikwa. Alikaa nyuma peke yake, na watu walipokuwa wanatoka alinisimamisha karibu na mlango.

"Umekata vizuri," alisema. "Yule mama ulimwambia atafute nini?"

Niligeukia wageni waliokuwa wanatoka.

"Nilidhani hivyo," akasema, akaenda zake.

Jumamosi nilipeleka kompyuta Gongo la Mboto kumwonyesha mama. Nilikuwa naona ninamletea zawadi. Nilimkalisha, nikamwekea sauti juu. Alitazama bila kusogea, na yale mafuta yalipoanza kuchemka aliweka kiganja kifuani. Ulipofika uso wa shoga yake, alinyoosha kidole akagusa kioo. Filamu ikaisha. Akauliza kama shoga yake mwenyewe anajua ameonyeshwa hivyo. Nikasema hajui.

"Mchanga hakutia yeye," mama alisema.

Nikamwuliza anajuaje.

"Siku ile alikuwa hospitali na mtoto. Mie ndiye niliyempelekea uji."

Niliwahi kusikia habari ya uji huo na nikasahau, au sikutaka ikae kichwani. Nilianza kujitetea, nikasema lakini maneno alisema, mbele ya watu, na maneno ndiyo yaliyotuhamisha. Mama aliniacha nikamaliza.

"Yule mwanamke alinitenda," alisema. "Na yule mwanamume alinitenda. Wewe umekwenda kusoma kwa wote wawili."

Nilibaki pale siku tatu. Alinipakulia chakula, alinijibu nikimsalimia, lakini hakunianza kwa neno. Siku ya nne, nikiwa navaa niende chuo, aliniambia niende Tandale nikamwonyeshe yule mama mwenyewe, kabla vijana wa mtaani hawajamwonyesha kwenye simu zao. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Akasema nitakwenda leo.

Nilikwenda mchana, baada ya vipindi. Nilimkuta anachambua mchele. Nilimwambia nimeleta ile filamu, akafurahi, akajifuta mikono, akavuta kigoda. Sijawahi kukaa kwenye dakika kumi ndefu kama zile. Aliposikia mafuta yanachemka uso wake ulibadilika. Ulipopita mkono wenye mchanga, na baada yake akajiona mwenyewe, alinigeukia mie, akanitazama machoni.

"Wewe ni mtoto wa yule."

Nikakubali.

Alirudisha chenga za mchele kwenye ungo. Kisha akasema mchanga hakutia. Nikamwambia najua, mama ameniambia. Hilo lilimshtua kuliko filamu. "Yeye anajua sikutia?" aliuliza, na nikamwambia anajua tangu siku ile. Akasema, "Maneno nilisema, na ni ya kwangu. Mchanga si wa kwangu. Washa hiyo kamera yako."

Niliiwasha. Sikumwambia akae wapi wala atazame nini. Alianza kuongea ungo ukiwa mapajani.

Alisema mtoto alikuwa anakakamaa mikononi mwake, macho yamegeuka juu, na wiki hiyo hiyo alikuwa ameitazama ile sinema mara mbili. Kila akifumba macho anamwona shoga yake amegeuza kichwa. Alisema alijua ni maigizo, mtu mzima hawezi kukosa kujua, lakini mtoto alikuwa anakufa na madaktari hawamwelezi kitu. "Nyie mlipohama, mtoto akapona," alisema. "Mie nifikirie nini?"

Nikamwuliza kama bado anaamini.

Alitazama nje mlangoni muda mrefu. "Mie sijui. Lakini nikimkuta barabarani, nitavuka upande wa pili." Halafu akaniambia nizime, nichukue vitu vyangu, nisirudi kwake. Niliposimama hakuitikia kwaheri.

Kwenye chumba cha kuhariri niliona jinsi ilivyo rahisi. Nikikata pale aliposema sijui, anakuwa mwanamke anayejuta. Nikiyaacha ya kuvuka barabara peke yake, anakuwa mnyama. Vyote viwili vingekuwa kazi nzuri. Niliondoa ule mkono wa mchanga, na mazungumzo yake nikayaweka mwishoni yote, bila kukata, pamoja na kule kutazama nje kusikokuwa na maneno. Madam aliitazama akasema filamu imelegea, ila alama zilikuwa zimeshaandikwa na hakuzibadilisha.

Habari zilifika Goba. Yule mzee alinipigia simu mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho. Hakunisalimia, nami sikumwamkia. Alisema nimeiua.

"Ilikuwa inatisha," alisema. "Sasa inauma tu."

Nikamwambia kama inauma, basi imefika nilikotaka. Akasema watu hawalipi kiingilio ili waumie, na kwamba nimekuwa mwoga kwa sababu ya maneno ya mama wawili. Nilimwambia mmoja wao alikuwa na haki ya kuambiwa habari ya kiatu. Akakata simu. Mpaka leo sijamsamehe, na mpaka leo, nikikaa kuhariri tamthilia ya mtu, naondoa sauti za mtaa kabla mtu hajageuza kichwa, kwa sababu sijui njia nyingine inayozidi hiyo. Wanafunzi wa kujitolea wakiniuliza nimejifunza kwa nani, ninawatajia jina lake kwa shingo upande. Ninachowalazimisha cha kwangu ni kimoja tu: mwigizaji aelezwe picha yake itatanguliwa na nini. Wengine wananiona mnoko, mtu wa masharti.

Filamu ile mpya nilimpelekea mama nikiwa na hofu. Aliitazama akiwa ameegemea gunia la mkaa, kijua cha alasiri kinaingia mlangoni. Shoga yake alipoanza kuongea alisogea karibu, akaniambia nipunguze mwangaza wa kioo, haoni vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba nirudishe pale pa kuvuka barabara, nikarudisha, akasikiliza tena.

"Amezeeka," alisema.

Nikamwuliza anajisikiaje. Mteja alikuwa amesimama nje na ndoo, naye akainuka, akajipangusa vumbi kwenye kanga.

"Mwambie asihangaike kuvuka, miguu yake mibovu," alisema akiwa anatoka. "Mie ndiye nitakayevuka."

Ujumbe huo sijaufikisha.